Kiti cha Uteuzi na Kazi ya Kurudia: Mhadhara kwa Wahitimu wa Same na Milima ya Upare

Wabunge wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania huingia bungeni kwa milango kadhaa, na mlango usiotajwa sana katika mikutano ya kampeni ni ule wa uteuzi. Mbunge wa kuteuliwa ni mtu ambaye hakuomba kura jimboni wala hakuwekwa katika orodha ya viti maalumu ya chama chake, bali amepewa kiti na Rais kwa mamlaka ya Ibara ya 66(1)(e) ya Katiba ya mwaka 1977, inayoruhusu wateuliwa wasiozidi 10, angalau 5 kati yao wakiwa wanawake. Mhadhara huu unauliza ni kwa vipi mtu wa namna hiyo anaweza kulinda uhuru wa kauli yake mbele ya mamlaka iliyompa kiti, kisha unalifikisha swali hilo kwa kijana aliyehitimu chuo na kurudi Same, Hedaru, Gonja au Usangi akiwa na cheti lakini hana ajira. Kwa kawaida maswali haya mawili hujadiliwa katika vikao tofauti, la kwanza na wanasheria na la pili na washauri wa ajira, ilhali jibu lake ni moja: mteuliwa hubaki huru kwa kadiri anavyokuwa na ujuzi, kazi na heshima ambavyo havikutoka kwa aliyemteua.

Kutoegemea upande

Kutoegemea upande wa kisiasa si kukosa maoni, wala si kukaa kimya kila jambo zito linapojadiliwa. Ni hali ya mwenye dhamana kuamua mambo ya ofisi yake kwa kufuata sheria, ushahidi na masilahi ya wote, hata pale ambapo chama chake, ukoo wake au aliyemteua angependa uamuzi mwingine. Wakulima wa Upare wanaijua hali hiyo kupitia ndiva, yaani bwawa dogo la udongo na mawe, kama lile la Manoo katika kijiji cha Bangalala, linalojazwa usiku kwa maji ya mfereji unaotoka kwenye kijito cha mlimani na kufunguliwa asubuhi ili maji yaende shambani kwa zamu. Anayesimamia zamu naye ana shamba lake la mahindi au maharage, na hakuna anayemtaka ajifanye hana; wanachomtaka ni kwamba siku ambayo si ya zamu yake maji yapite kando ya mimea yake inayonyauka na kwenda kwa mwenye haki. Akishindwa hapo, ndiva itakuwepo na maji yatakuwepo, ila imani ya watu itakuwa imekwisha, na bila imani hiyo hakuna atakayejitokeza kuzibua mfereji msimu ujao.

Katiba inavyosema

Ibara ya 67 inaweka sifa za mtu anayetaka kuwa mbunge, na miongoni mwake ni sharti la kuwa mwanachama wa chama cha siasa na kuwa amependekezwa na chama hicho. Sharti hilo ndilo lililofunga njia ya mgombea binafsi, na ndilo lililopingwa kwa miaka mingi na Mchungaji Christopher Mtikila hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilipoamua mwezi Juni 2013 kwamba kuwazuia wagombea binafsi kunakiuka haki za raia. Hata hivyo, ibara inayohusu wateuliwa wa Rais inataka wawe na sifa zilizotajwa katika aya ya (a) na ya (c) tu za Ibara ya 67(1), na inairuka aya ya (b) inayodai uanachama. Kwa maneno mengine, Katiba inayomkatalia mkulima wa Mamba Miamba kugombea ubunge bila kadi ya chama inamruhusu Rais kumteua mkulima huyohuyo kuwa mbunge bila kadi yoyote.

Upo ulinzi wa pili ambao wengi hawauzingatii. Mkuu wa mkoa au wa wilaya anaweza kuamka asubuhi akakuta uteuzi wake umetenguliwa, yaani umefutwa na mamlaka iliyoufanya, lakini Ibara ya 71, inayoorodhesha sababu za mbunge kupoteza kiti, haiutaji utenguzi wa Rais kuwa mojawapo. Mbunge hupoteza kiti akipoteza sifa, akikosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika, au akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa au alipoteuliwa. Mteuliwa asiye na chama hana hata chama cha kumfukuza. Ukisomwa kwa makini, mpangilio huu unamfanya mteuliwa wa aina hiyo kuwa mbunge anayekabiliwa na vitisho vichache kuliko wote ukumbini Dodoma.

Mbona basi uhuru huo hauonekani mara nyingi? Sababu ya kwanza imo katika Katiba yenyewe, kwa kuwa Ibara ya 55 inataka mawaziri na naibu mawaziri wote watoke miongoni mwa wabunge, na hivyo viti 10 vimekuwa njia ya Rais kumwingiza serikalini mtaalamu asiye na jimbo. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete alimteua Profesa Sospeter Muhongo, mwanajiolojia, kisha akamkabidhi Wizara ya Nishati na Madini. Rais John Magufuli naye alifanya hivyo kwa Dk. Philip Mpango, Profesa Joyce Ndalichako na Profesa Palamagamba Kabudi. Waziri anabanwa na uwajibikaji wa pamoja, yaani kanuni kwamba uamuzi wa Baraza la Mawaziri ni uamuzi wa kila waziri mbele ya Bunge, kwa hiyo hawezi kuombwa asiegemee upande wa Serikali ambayo yeye ni sehemu yake. Swali la uhuru linabaki kwa mteuliwa asiye waziri, na hapo sababu ya pili hujitokeza, nayo ni matarajio: mtu anayengoja cheo kijacho huchunga ulimi hata kama sheria haimchungi.

Uteuzi katika historia ya Upare

Uteuzi wa watunga sheria ni wa zamani kuliko kura. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1926 na wajumbe wake waliteuliwa na Gavana, na Waafrika wa kwanza kuketi humo, Chifu Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Usukumani, waliteuliwa mwaka 1945. Mwaka huohuo, mwezi Januari, maelfu ya watu waliteremka kutoka katika milima ya Upare hadi makao makuu ya wilaya mjini Same kupinga mbiru, kodi iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu na kuendeshwa kupitia machifu. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria na mwana wa Upare, aliyelichapisha suala hilo katika kitabu mwaka 1971, alionyesha kwamba watu hao hawakukataa kodi yote, kwani walikuwa tayari kulipa kodi ya kawaida. Walichokikataa ni makadirio ambayo hawakushirikishwa. Wanawake wa Usangi nao waliandamana baadaye, na hatimaye kodi hiyo ikaondolewa.

Funzo la mbiru kwa somo hili ni zito. Kati ya mkuu wa wilaya wa kikoloni na mlipa kodi walikuwepo viongozi wa kutosha, lakini mishahara yao na kutambuliwa kwao kulitoka juu, na kwa hiyo ujumbe wa wananchi haukupanda mlima wa utawala hadi wananchi walipoubeba wenyewe kwa miguu. Kiongozi asiyeweza kumwambia aliyemweka jambo asilotaka kulisikia humnyima hata huyo aliyemweka habari anazozihitaji ili atawale vizuri.

Miaka 12 baadaye ulitokea mfano wa upande wa pili. Mwaka 1957 Gavana Edward Twining alimteua Julius Nyerere, kiongozi wa TANU, kuingia katika Baraza hilo, na mwezi Desemba mwaka huohuo Nyerere alijiuzulu kwa kuwa mapendekezo yake makuu yalikataliwa na hakuona sababu ya kuendelea kukalia kiti kisichozaa kitu. Aliweza kuondoka kwa sababu kiti hakikuwa chanzo cha heshima yake. Nyuma yake kilikuwepo chama chenye wanachama waliomjua kabla ya Gavana kumwita. Waswahili husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwa mteuliwa ngama hiyo ni mahali pa kurudi: taaluma, shamba, biashara, chama au jamii iliyomlea.

Jimbo la Same Mashariki

Hakuna jimbo linaloonyesha mambo haya kwa ukaribu kama Same Mashariki, upande wa tangawizi ya Mamba Miamba na mpunga wa bonde la Ndungu. Anne Kilango Malecela wa CCM alilishinda mwaka 2005 na 2010, kisha mwaka 2015 likachukuliwa na Naghenjwa Kaboyoka wa CHADEMA. Machi 2016 Anne Kilango aliteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga na Aprili uteuzi huo ukatenguliwa. Januari 2017 Rais Magufuli akamteua kuwa mbunge, na mwaka 2020 akarudi jimboni na kushinda. Kaboyoka naye, aliyelipoteza jimbo mwaka huo, aliingia bungeni Novemba 2020 akiwa mmoja wa wanawake 19 wa viti maalumu ambao chama chao kiliwavua uanachama siku chache baada ya kuapishwa, lakini wakaendelea kuketi.

Maisha ya kisiasa ya viongozi hawa wawili, ambao wote waliwatumikia watu wa mlima mmoja, yanafundisha bila kumhukumu yeyote kati yao. Kati ya 2017 na 2020 Same Mashariki ilikuwa na sauti mbili Dodoma, moja ya kura na nyingine ya uteuzi, za vyama viwili tofauti, na wananchi walikuwa na haki ya kutarajia kwamba barabara za Gonja na soko la tangawizi vingesemewa na zote mbili. Jambo hilo ni faida. Hasara yake inayowezekana ni kwamba mteuliwa mwenye nia ya kugombea anakuwa katika mashindano ambayo mwenzake wa jimboni hakuyategemea, na posho, safari na jukwaa la Bunge vinaweza kugeuka mtaji wa kampeni hata pasipo mtu kukusudia. Sheria ya Tanzania hailikatazi jambo hilo; ni juu ya dhamiri ya mteuliwa na macho ya wapiga kura.

Katika Mkoa wa Kilimanjaro, ambamo Same nayo imo, upo mfano mwingine unaostahili kukumbukwa. Mwaka 2012 Rais Kikwete alimteua James Mbatia, Mwenyekiti wa NCCR-Mageuzi, chama cha upinzani, na mwanzoni mwa mwaka 2013 mteuliwa huyo aliwasilisha bungeni hoja binafsi, yaani hoja inayoletwa na mbunge asiye waziri kwa jina lake mwenyewe, akiishutumu Serikali kwa udhaifu wa mitaala na wa sekta ya elimu. Hoja ilizua mvutano mkali, lakini kiti chake kilibaki, na mwaka 2015 alichaguliwa kuwa mbunge wa Vunjo. Kwa hiyo mteuliwa anaweza kumkosoa aliyemteua na mbingu isianguke. Kinachotakiwa ni rais aliye tayari kumteua asiyemsifu, na mteuliwa anayejua kwamba hata asipoteuliwa tena atakuwa mtu yuleyule.

Majirani na mataifa ya mbali

Nchi nyingine zimejaribu kulitengenezea jambo hili taratibu. Katiba ya Zanzibar inampa Rais viti 10 vya kuteua katika Baraza la Wawakilishi, lakini inataka angalau viwili kati yake avijaze kwa kushauriana na upinzani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inavigawa viti 12 vya kuteuliwa kwa vyama kulingana na wingi wao bungeni, ili viwakilishe makundi kama vijana, watu wenye ulemavu na wafanyakazi. Uganda ina wabunge 10 wa jeshi, UPDF, ambalo Katiba inalitaka lisiwe la chama chochote. Hata hivyo mwaka 2005 Brigedia Henry Tumukunde, mmoja wa wabunge hao, alilazimika kuacha kiti baada ya kukosoa hadharani mpango wa kuondoa ukomo wa mihula ya urais. Kanada, ambako maseneta huteuliwa, ilichukua njia nyingine Januari 2014, kiongozi wa chama cha Liberal, Justin Trudeau, alipowatoa maseneta wa chama chake katika kundi la wabunge wa chama hicho ili wapime miswada bila amri ya chama.

Tanzania yenyewe ilikaribia njia yake. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyokabidhiwa Desemba 2013, ilipendekeza mawaziri wasiwe wabunge, mgombea binafsi aruhusiwe, na uteuzi wa Rais bungeni ubaki kwa wawakilishi 5 wa watu wenye ulemavu. Mapendekezo hayo hayakuwa sheria, na hadi yatakapokuwa, ulinzi mkubwa wa uhuru wa mteuliwa utabaki kuwa aina ya mtu aliyeteuliwa. Hapa ndipo somo linapomfikia mhitimu.

Njia za mhitimu

Mhitimu wa Upare anakabiliwa na milango mitatu ya utumishi wa umma. Wa kwanza ni usaili, unaosimamiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambako nafasi hutangazwa, waombaji hufanya mtihani na mahojiano, na aliyefaulu huajiriwa kwa majaribio kabla ya kuthibitishwa. Wa pili ni kura, kuanzia uenyekiti wa kitongoji hadi ubunge. Wa tatu ni uteuzi, ambao vijana huufuatilia kwa shauku kila orodha mpya, maarufu kwa jina la mkeka, inapotolewa usiku na kusambaa kwenye simu. Kosa linaloenea ni kuutafuta mlango wa tatu kabla ya kuwa na chochote cha kuingia nacho, na njia ya mkato inayotumika ni uchawa, yaani kazi ya kumsifu mkubwa asubuhi na jioni kwa matumaini ya kukumbukwa. Anayeingia kwa sifa alizomwimbia mtu hawezi kumwambia mtu huyo kwamba amekosea, na siku akitenguliwa hana fani ya kurudia, maana sauti yake ndiyo iliyokuwa fani.

Maisha ya Cleopa David Msuya, aliyezaliwa Usangi mwaka 1931 na kufariki Mei 2025, yanaonyesha mpangilio tofauti. Baada ya masomo ya Makerere alifanya kazi ya maendeleo ya jamii tangu mwaka 1956, akawa katibu mkuu wa wizara tangu 1964, na ndipo mwaka 1972 akawa Waziri wa Fedha. Uwaziri mkuu ulifuata mwaka 1980 na tena 1994. Miaka 16 ya kazi za kitaalamu ilitangulia siasa. Profesa Kimambo hakuhitaji ubunge kabisa, na bado aliwatetea wananchi wa mbiru kwa kuandika habari zao kwa usahihi kiasi kwamba hata leo hakuna anayeweza kuzifuta.

Ushauri wa kwanza, basi, ni kujenga fani kabla ya cheo, na Same ina mahali pa kuijengea. Tangawizi ya Mamba Miamba inahitaji wataalamu wa usindikaji na wa hesabu za ushirika. Mpunga wa Ndungu unahitaji wahandisi wa umwagiliaji. Jasi ya Makanya inahitaji wajiolojia. Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi inahitaji wanaikolojia na waongoza watalii. Na mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe unahitaji mafundi wa kuutunza kwa miaka mingi baada ya hotuba za uzinduzi kusahaulika. Mhitimu anayeanza kama mtunza hesabu wa chama cha ushirika kijijini hajashuka hadhi. Anajipatia jina ambalo hakuna waraka wa uteuzi unaoweza kulitoa wala kulifuta.

Ushauri wa pili ni kujua mipaka ya sheria kabla ya kuchagua njia. Ibara ya 113A inawakataza majaji, wasajili na mahakimu kujiunga na chama cha siasa, Ibara ya 147 inawakataza wanajeshi, wakiwamo polisi na askari magereza, na Ibara ya 74 inawakataza wanaohusika na uendeshaji wa uchaguzi, ingawa wote hao wanabaki na haki ya kupiga kura. Kijana anayetamani uhakimu na wakati huohuo anashika uongozi wa jumuiya ya vijana ya chama lazima ajue kwamba siku moja atavua kimoja. Suala la wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi, ambalo mwanaharakati Bob Chacha Wangwe alilipeleka Mahakama Kuu kwa hofu ya kuegemea chama na kushinda Mei 2019 kabla ya Mahakama ya Rufani kuutengua uamuzi huo Oktoba mwaka huohuo, linaonyesha jinsi kadi ya chama iliyochukuliwa ujanani inavyoweza kuleta shaka juu ya kazi ya mtumishi mwaminifu miaka 20 baadaye.

Ushauri wa tatu ni kuanza mazoezi ya haki katika nafasi ndogo. Mtendaji wa kijiji anayeandika majina ya wanaostahili msaada wa kaya maskini, mwalimu anayesahihisha mitihani ya mtoto wa diwani, na ofisa ugani anayegawa mbegu za ruzuku wote wanakalia kiti kinachofanana na cha mbunge wa kuteuliwa, kwa kuwa wamepewa mamlaka na mtu mmoja ili wawatumikie wengi. Mtendaji aliyezoea kuandika jina la hasimu wa chama chake kwa sababu tu hasimu huyo ni maskini kweli hatafundishwa uadilifu akifika Dodoma, na aliyezoea kulikata hatajifunza huko.

Ushauri wa nne unahusu fedha, nao hauepukiki. Mtu anayeishi kwa mkopo unaomaliza mshahara hawezi kujiuzulu, na asiyeweza kujiuzulu hana uhuru kamili wa kukataa. Shamba la kahawa au migomba lililotunzwa, nyumba ya kawaida isiyo na deni na leseni ya taaluma iliyohuishwa kila mwaka ni sehemu ya maadili ya uongozi, ingawa hazitajwi katika viapo.

Wahitimu wa Same na Mwanga, wazazi wao, na viongozi wenye kalamu ya kuteua wana wajibu unaokutana mahali pamoja. Wenye kalamu waitumie Katiba jinsi ilivyoandikwa, wawateue hata wasio na kadi na wasiowasifu, kwa kuwa viti 10 viliwekewa mlango mpana kuliko unavyotumika. Wazazi waache kumpima mtoto aliyesoma kwa gari la serikali analoshukia kijijini. Wahitimu nao wajifunze kazi hadi waifahamu, wawe na mahali pa kurudi, kisha uteuzi ukija waupokee kwa heshima, waseme ukweli siku zote wanapoushikilia, na wauache bila kilio utakapokwisha.